Mbwa wa Kanga, Nyumba ya Kuku

Anayekuja kuniuliza habari za mbwa wa kuwindia ndege huanza karibu kila mara na pua. Anataka mbwa mwenye pua kali, mwenye mbio, asiyeshtuka bunduki ikilia. Mimi humuuliza kwanza ana kuku wangapi nyumbani.

Hapa Same, Tanzania, swali hilo ndilo linaloamua. Anayewinda kanga au kwale hutoka asubuhi chache kwa mwaka. Siku zote zilizobaki mbwa wake yuko uani pamoja na kuku wa mama, mbuzi wawili watatu, watoto wanaorudi kutoka shule, na jirani anayekatiza kwenda kuchota maji. Mbwa hodari porini aliyeua mitetea watano nyumbani hamalizi mwezi. Nimewaona wengi wa namna hiyo wamefungwa mtini kutwa mpaka wakageuka wakali, na kosa halikuwa lao. Aliyewachagua alitazama pori, akasahau ua.

Lakini kabla ya mbwa kuna sheria. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kanga na kwale nao ni wanyamapori, na kuwawinda kunahitaji kibali. Sheria hiyohiyo imemtaja mbwa kati ya vitu ambavyo hairuhusiwi kuwindia bila idhini ya maandishi, sambamba na sumu, mitego, nyavu na taa. Kwa hiyo usidhani kwamba kibali cha ndege kinakupa na ruhusa ya kufuatana na mbwa. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, uliza yote mawili, na jibu ulipate kwenye karatasi. Ukishavuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini, hakuna kuwinda kabisa, na mbwa wa nyumbani hana nafasi humo. Mbwa akifuata harufu hajui mpaka uko wapi. Kuujua ni kazi yako.

Wapo pia wasiotaka kuua ndege hata mmoja. Mkulima wa Kisiwani au Maore akishapanda mahindi, kanga huja alfajiri na kufukua mbegu mstari kwa mstari, na anachotaka yeye ni mbwa wa kuwatimua tu. Mbwa huyo huchaguliwa kwa njia ileile, kwa hiyo makala hii inamhusu na yeye.

Huko Ulaya mbwa wa ndege waligawiwa kazi tangu zamani. Pointa hunusa upepo, na akishapata harufu huganda, mguu mmoja juu, pua imeelekea ndege alipojificha, asisogee mpaka mwenyewe afike. Spanieli hupenya vichakani na kuwarusha ndege. Labrador hukaa kimya pembeni, kisha hutumwa kumwokota ndege aliyeanguka na kumleta bila kumtafuna. Ukijua kazi hizi tatu, watazame ndege wetu. Kwale hujibana kwenye nyasi mpaka unakaribia kumkanyaga, ndipo huruka kwa kishindo. Kwake yeye mbwa wa kuganda ana faida kubwa. Kanga ana tabia nyingine: hukimbia. Kundi likimwona mbwa litatimua mbio mbali kwa miguu kabla halijafikiria mabawa, na pointa aliyeganda kwa adabu zake zote atabaki akielekeza pua kwenye vumbi. Kwa kanga anatakiwa mbwa wa kuwashukia ghafla, waruke kila mmoja njia yake. Kanga aliyetengana na wenzake hujificha, na hapo ndipo pua inapoanza kufanya kazi.

Mbwa hao wa kigeni ni wapole kwa watu, sikatai. Labrador aliyelelewa vizuri huwavumilia watoto kuliko mbwa wengi ninaowajua. Tatizo ni mahali. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mwenye manyoya mazito huzidiwa upesi katika joto la tambarare, kuanzia Same mjini hadi Makanya na Hedaru. Anayeishi juu, Suji au Mbaga, ambako watu hulala na mablanketi mawili, anaweza kumfuga bila taabu hiyo, ingawa akishuka naye kwenda kuwinda joto litamkuta hukohuko chini. Masikio marefu ya spanieli hukusanya kupe na miiba ya nyasi, na magonjwa ya kupe huwaangusha mbwa wageni haraka. Pointa naye ameumbwa kwa kukimbia: anahitaji saa nzima au zaidi ya mbio kila siku, iwe msimu wa kuwinda au la. Ukimfunga, atachimba, atalia, atang'oa mlango.

Ndiyo maana familia nyingi ninazozishauri nazielekeza kwa mbwa wa kienyeji. Huyu wa nywele fupi, kifua chembamba, mkia uliopinda, ambaye tunamwita mbwa koko kana kwamba hana ukoo. Anao. Jirani zetu wa Kongo walikuwa na mbwa wadogo wa kuwinda, wasiobweka, wakivalishwa njuga shingoni ili wawindaji wajue walipo msituni huku wanyama wakifukuzwa kuelekea kwenye nyavu. Waingereza waliwachukua, na mwaka 1937 walionyeshwa London kwenye mashindano ya mbwa ya Crufts, watu wakajazana kuwatazama. Leo wanafugwa Ulaya na Marekani kwa jina la basenji, jina lenye undugu na neno letu la kudharau, washenzi. Mbwa mwenye jina kama hilo akawa mbwa wa fahari ugenini. Sisemi kwamba mbwa wa Upare ni basenji. Nasema mbwa aliyechujwa na jua, kupe na njaa kwa vizazi vingi hapahapa ana kitu ambacho fedha hainunui kirahisi, na anastahili kuchaguliwa kwa umakini uleule ambao mgeni angechaguliwa nao.

Na umakini huo uanze kwa mama.

Niliwahi kufuatana na kijana mmoja kwenda Hedaru kutazama watoto sita wa mbwa wenye umri wa wiki saba. Tulipofika, mama yao alikuwa amelala chini ya kibanda cha kuni. Alisimama, akatuguna, kisha akamtazama mwenyeji. Mzee akamwambia neno moja la Kipare, naye akakaa. Tukiwa bado tunasalimiana, shikamoo na marahaba, kuku mwenye vifaranga akapita na kudonoa ugali kwenye sahani ya mbwa yule, karibu kabisa na pua yake. Mbwa aligeuza kichwa pembeni tu. Nikamwambia kijana kazi kubwa imekwisha. Mtoto hurithi mengi kwa mama wa namna hiyo, na mengine hujifunza kwa kumtazama katika wiki zile za mwanzo. Kama mama angekuwa amefungwa kwa mnyororo na anamrukia kila anayepita, ningemrudisha kijana nyumbani mikono mitupu, hata kama watoto wangekuwa wazuri kiasi gani.

Kijana alikuwa na bawa la kanga amelifunga kwenye kamba. Akaliburuta chini. Dume mmoja mkubwa alilirukia, akalitikisa kwa meno, akawangurumia ndugu zake wasilisogelee. Kijana alimpenda papo hapo. Nilimzuia. Mbwa anayekilinda kwa meno alichokishika, siku moja atakilinda hivyohivyo mbele ya mtoto wa miaka mitatu. Tukalificha bawa chini ya gunia. Jike mdogo mwenye doa jeupe kifuani aliinamisha pua, akazunguka, akapoteza harufu, akarudi nyuma, akaipata tena, mpaka akaliinua gunia kwa pua yake. Nikagonga mfuniko wa sufuria. Wote walishtuka. Watatu walikimbilia kwa mama; jike yule alirudi nyuma hatua mbili, akasimama, kisha akaja kuutazama mfuniko. Ndiye niliyemwonyesha. Majaribio ya dakika kumi kwa mtoto wa wiki saba hayatabiri kila kitu, na siyapi uzito mkubwa kuliko tabia ya mama. Ila mtoto anayeshtuka halafu akarudi kutazama ni wa kutamanisha. Kuna mwingine alijibanza ukutani muda wote akitetemeka. Huyo watu humchukua kwa huruma, na nyumba isiyo na watoto inaweza kumlea vizuri. Penye watoto msimchukue, kwa maana mbwa wengi wanaouma huuma kwa woga.

Mtoto achukuliwe akiwa na wiki nane, si nne kama wengi wanavyofanya. Wiki zile za ziada pamoja na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kwamba akiuma kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Kuanzia hapo hadi wiki ya kumi na nne hivi, kila atakachokizoea atakihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote: baiskeli, mwendawazimu wa stendi, kanzu, mwavuli, mtoto anayelia. Na kuku. Mwache akae uani na kuku ukiwa hapo hapo, kwa kamba. Kuku mwenye vifaranga atamdonoa mara moja au mbili, na somo hilo halisahauliki. Wakataze watoto kuwafukuza kuku wakicheka mbele yake, kwa sababu atadhani ni mchezo wa nyumba nzima. Siku ya kuchinja, asirushiwe kichwa wala manyoya pale uani. Bawa la kanga litoke kabatini nje ya ua tu, litolewe na mtu mmoja, kwa neno moja lilelile kila siku. Mbwa hutofautisha mahali vizuri sana. Akijua kwamba ndege wa ng'ambo ya ua ndio kazi, wa ndani ya ua watakuwa jamaa.

Mlio wa bunduki nao huanzia jikoni. Gonga sufuria mbali wakati anakula, usogee kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kumpeleka mtoto wa miezi minne kando ya bunduki ya marisau siku ya kwanza ni kumharibu, na mbwa aliyeharibiwa hivyo mara nyingi harudi katika hali yake.

Familia za Kiislamu huniuliza kama jambo hili linawafaa. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa katika dini, na Kurani yenyewe inawataja wanyama waliofundishwa kuwinda. Kinachowahusu zaidi Mashafii wa kwetu ni mate yake, ambayo ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi apewe sahani yake isiyoingia jikoni, banda lake nje, na afundishwe tangu mdogo kutovuka kizingiti wala kurukia watu. Nimeona nyumba za namna hii zikiwa na mbwa wenye adabu kuliko nyumba nyingi, kwa sababu kila mtu ndani anaujua mpaka na kuushika.

Sasa chanjo, na hapa naomba nisikilizwe. Kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea, huua. Asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani wameambukizwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa wa kuwinda hukutana porini na mbweha, nguchiro na mbwa wasio na mwenyewe, kisha jioni hurudi kulamba watu na kukumbatiwa. Achanjwe akifika miezi mitatu, arudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, bila kupaka pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya majani, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Chanjo ya pili, ya ugonjwa wa distempa, watu wengi huiruka, na wilaya hii ndiyo isiyopaswa kuiruka kabisa. Tony Fitzjohn, mhifadhi wa wanyamapori aliyekuwa akifanya kazi na George Adamson huko Kora nchini Kenya, alikuja Mkomazi mwaka 1989, na kazi mojawapo iliyofanyika chini yake ilikuwa kuzalisha mbwa mwitu ndani ya uzio ili warudishwe porini. Desemba 2000 distempa iliingia humo. Katika miezi miwili walikufa mbwa mwitu 49 kati ya 52. Miaka sita kabla yake, mwaka 1994, ugonjwa huohuo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti walifuatilia asili yake hadi kwa mbwa wa vijijini. Distempa huanza kama mafua: makamasi, macho yenye tongo, kukataa chakula. Baadaye huja degedege. Dawa ya kuiua haipo. Anayetembea na mbwa asiyechanjwa kwenye vichaka vya mpakani mwa Mkomazi anabeba hatari kwa wanyama ambao hata hatawaona.

Jike yule wa Hedaru alichanjwa distempa na parvo, ugonjwa mwingine wa mbwa, akiwa na wiki nane, akarudi wiki ya kumi na mbili akapata na ya kichaa. Wiki ya kumi na sita, kwa dozi ya mwisho, aliletwa kliniki na mdogo wake yule kijana, msichana wa darasa la nne, kamba mkononi. Kwenye benchi palikuwa na mama aliyeleta jogoo mgonjwa ndani ya tenga. Mbwa alilinusa tenga kutoka chini hadi juu, jogoo akapiga mabawa. Kisha mbwa akamtazama msichana, akakaa.