Fei Toto akivaa namba tano

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, baina ya kahawa na dhumna, yako masuala ya mpira yasiyokwisha, na mojawapo ni hili: Feisal Salum, Fei Toto wetu, angechezeshwa beki wa kati ingekuwaje? Mmoja atacheka, mwengine ataapa kuwa angeweza, wa tatu atageuza maneno yarudi kwenye siasa. Wanaocheka wanaliona suala la mchezo tu. Kwa sisi tunaofundisha mpira lina faida kubwa. Mchukue mchezaji unayemjua vyema kwa kushambulia, mweke upande wa kuzuia, ndipo utakapoona kila nafasi inadai nini hasa.

Fei ni mfano mzuri. Ametoka JKU hapa Unguja, akaenda Yanga mwaka 2018, akahamia Azam mwaka 2023, na msimu wake wa kwanza huko alifunga mabao 19 ya ligi, mawili pungufu ya Stephane Aziz Ki aliyechukua ufungaji bora. Tena hakuanzia juu. Pale Yanga aliwahi kutumika chini, karibu na mabeki, kabla ya kusogezwa mbele kucheza namba kumi. Kumvalisha namba tano, basi, si wazimu. Njia ya kurudi nyuma ameshaipita kipande.

Na namba tano yenyewe haikuzaliwa nyuma. Katika mpango wa zamani walikuwepo mabeki wawili, mahafu watatu na mafowadi watano, na sentahafu ndiye aliyekuwa kitovu cha timu: anakaba, anapandisha mpira, anagawa. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu baina yake na mstari wa goli. Sasa wakatosha wawili. Katika daraja la kwanza la Uingereza mabao yakaruka kutoka 1,192 msimu wa 1924/25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Herbert Chapman, kocha aliyekuwa ndiyo kwanza amefika Arsenal, akaziba tundu kwa kumrudisha sentahafu katikati ya mabeki wawili. Namba zilipokuja kuandikwa migongoni, yeye akabaki na tano yake ya katikati ya uwanja ilhali mwenyewe yupo nyuma. Kwa hiyo anayesema nafasi ya mtu haibadiliki, namba tano inamkanusha kila Jumamosi.

Sasa tumrudie Fei, tuanze na macho. Krosi inapoinuliwa, mshambuliaji anautazama mpira. Ana haki hiyo: yeye ndiye anayejua atakimbilia wapi, kazi ya kumtafuta ni ya beki. Ukicheza hivyo miaka kumi unapata tabia isiyovuliwa pamoja na jezi. Mtu huyo akiwa beki, krosi ikaja, atautazama mpira vile vile, na namba tisa wa wapinzani atampitia nyuma ya bega, pale asipoona. Beki aliyekomaa husimama nusu upande, kifua chake kikiwa baina ya mpira na mtu, ili kwa kugeuza shingo kidogo tu avione vyote viwili. Ukimuona anazungusha mwili mzima kumtafuta mtu wake, ujue ameshachelewa.

Baada ya macho, miguu. Mshambuliaji huondoka anapotaka. Beki huondoka anapotaka mwenzake, tena huanza kinyumenyume au kwa ubavu, kisha ageuke na kukimbilia lango lake mwenyewe. Hata mwenye mbio hupoteza hatua moja hapo, na hatua moja ndani ya kumi na nane ni bao. Misuli ya kinena na ya nyuma ya paja hubeba mzigo isiouzoea, ndiyo maana kumhamisha mtu Ijumaa ili acheze Jumamosi ni kumtafutia majeraha.

Lakini kinachowashinda wengi ni hesabu ya makosa. Katika ligi kubwa za dunia karibu shuti moja tu kati ya kumi huwa bao. Straika akikosa tisa na kufunga la kumi, anabebwa mabegani. Beki akipatia tisa na kukosea la kumi, jina lake litatajwa wiki nzima. Yale yanayomfanya Fei awe Fei, yaani pasi ya kuthubutu katikati ya watu watatu, chenga mahali penye msongamano, tobo akijisikia, huko mbele ni sifa, na huku nyuma ni kuitia timu hatarini. Itambidi ajifunze kupenda kazi isiyoonekana. Kiatu cha dhahabu hakitolewi kwa krosi iliyozuiwa isipigwe.

Kuna pia mguu wa hasira. Mshambuliaji aliyeporwa mpira hurudi mbio na kumfuata mwenzake kwa rafu. Katikati ya uwanja hiyo ni faulo ya kawaida, refa anapuliza maisha yanaendelea. Ndani ya boksi ni penalti. Sheria imelegezwa kidogo tangu mwaka 2016: beki anayeharibu nafasi ya wazi ya bao ndani ya eneo la hatari, iwapo kweli alikuwa anaugombea mpira, hupewa kadi ya njano badala ya nyekundu. Penalti lakini ipo pale pale. Kwa hiyo ustadi wa beki mzuri uko zaidi katika kuchelewesha. Anamsogeza mtu pembeni, anamnyima mguu wake mzuri, anangojea msaada. Kukaa bila kuingia ni kazi ngumu kuliko kuingia, na anayetoka mbele huiona ni uoga.

Huko kuona kwamba kuzuia ni uoga, au ni adhabu, kwetu kunaanzia utotoni. Vichochoro vya Mkunazini na Sokomuhogo havina winga. Pembeni ni ukuta. Goli ni ndara mbili, uwanja ni upana wa watu watatu, na kila mtoto anajifunza kukokota mpira katika nafasi ya mkeka. Ndiyo sababu moja, kwa maoni yangu, ya Mji Mkongwe kuwa na mafundi wengi wa chenga. Beki katika mchezo ule ni yule aliyechelewa kufika, au mdogo wa mtu aliyeambiwa na mama asimuache nyumbani. Kule Jambiani na Nungwi, maji yakitoka, uwanja unafunguka na watoto wa pembeni wanapata pa kukimbilia, lakini hata huko mdogo ndiye anayepelekwa nyuma. Halafu kijana huyo anafika timu ya vijana, ya Juvenile au ya Central, mwalimu anamwambia, "Wewe leo cheza namba tatu," na yeye anachosikia ni kwamba ameshindwa. Mawinga wazuri wamepotea kwa namna hiyo, wala si kwa kukosa uwezo. Wameacha kuja mazoezini.

Laiti wangetazama yaliyompata Alphonso Davies. Alikuwa winga. Mwisho wa mwaka 2019 Bayern Munich ikawa na majeruhi nyuma, Niklas Süle na Lucas Hernández wote nje, David Alaba akasogezwa katikati, na kinda wa Kanada akatupwa beki wa kushoto. Kocha Hansi Flick akamwacha huko huko. Agosti 2020 Bayern iliifunga Barcelona 8-2, na bao moja kati ya hayo Davies alilipika kwa kumwacha Nélson Semedo kando ya mstari kisha kumpasia Joshua Kimmich amalizie. Mwezi ule ule wakachukua Ligi ya Mabingwa. Davies hakuwa amejifunza kukaba kama beki aliyezaliwa beki. Alikuwa akikosea nafasi, kisha mbio zake zinamfutia kosa kabla halijaonekana.

Hapo pana jambo la kushika. Winga kuwa beki wa pembeni ni safari fupi, kwa sababu mstari wa pembeni unamsaidia: hatari inakuja kutoka upande mmoja tu, na uwanja aliouzoea uko mbele yake vile vile. Katikati mambo ni mengine, maana hatari inatoka kushoto, kulia na juu kichwani. Kwa hiyo wanaofaulu kurudi katikati mara nyingi ni viungo wakabaji. Javier Mascherano alifika Barcelona mwaka 2010 akiwa kiungo, akaishia kuwa beki wa kati wa kutegemewa. Kwetu huku mfano wa karibu ni Yannick Bangala, Mkongomani aliyechezea Yanga, leo beki, kesho kiungo, na msimu wa 2021/22 akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Erasto Nyoni naye alizunguka safu nzima ya nyuma na kiungo kwa miaka mingi. Mashabiki wakamwita kiraka, na halikuwa tusi.

Sheria nayo imewasogeza viungo nyuma. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli unaweza kupokewa ndani ya boksi, wala si lazima utoke nje kwanza. Mabeki wa kati sasa wanasimama ubavuni mwa kipa na kuanza kujenga huku wamekabwa. Namba tano asiyejua kupokea mpira mgongo ukiwa na mtu ni mzigo. Hapa Fei angetupa raha: anageuka na mpira palipobana, na jicho lake linaiona pasi ya tatu kabla ya ile ya kwanza. Tena miaka yote hii amekuwa akiwavizia mabeki. Anajua mtu anajificha wapi kabla ya kuchomoka, na anajua beki gani wa kwenye mstari hutangulia kulala. Ujuzi wa mwizi ukiupeleka kwa mlinzi ni mali.

Wamarekani katika mpira wao wa mikono, ule wa helmeti, wameugawa mchezo kabisa: kikosi cha kushambulia kinatoka uwanjani, cha kuzuia kinaingia. Huko kuvuka upande ni habari ya taifa. Travis Hunter alicheza pande zote mbili chuoni Colorado, akishambulia kwa kudaka pasi na akizuia wadakaji wa wengine, akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2024, na mwaka uliofuata timu za kulipwa zilipogawana wachezaji wapya akachaguliwa wa pili, na Jacksonville Jaguars. Richard Sherman alianza Stanford akiwa mdakaji, akageuzwa mzuiaji, na kule ndiko alikopatia jina. Mpira wetu haumpi mtu nafasi ya kutoka. Fei akipoteza mpira ni mkabaji sekunde hiyo hiyo, apende asipende. Nidhamu ya kuzuia anayo kiasi, kipande kipande, kwa dakika zote tisini.

Tumpange, basi. Azam wanacheza na timu inayojifungia nyuma, wana mpira muda mwingi, wapinzani wamebakiza mtu mmoja mbele. Fei namba tano? Ningethubutu, nikiwa na mwenzake mrefu ubavuni mwenye mdomo wa kusema. Kusema ni muhimu: beki wa kati anauona uwanja wote na lazima aseme, apandishe mstari kwa sauti, wote watoke pamoja, vinginevyo mtego wa kuotea unamnasa mtegaji. Lakini mechi ya masika, uwanja una maji, wapinzani wanapiga mipira mirefu kwa straika wa kupanda vichwa, Fei si mrefu, na kila mpira unatua kwenye kumi na nane? Hapana. Nitamweka namba sita, mbele ya mabeki, pale apate kuanzisha mpira bila kupigana hewani.

Suala likigeuzwa linakuwa tamu zaidi. Mchukue Ibrahim Hamad Bacca, beki wa kati aliyetoka KMKM akaenda Yanga mwaka 2022, umvalishe namba tisa. Wazanzibari tuna historia ya mabeki wafungaji. Nadir Haroub Cannavaro ndiye aliyeifunga Al Ahly bao pekee Dar es Salaam, Machi 2014, ingawa Yanga ilitolewa kwa penalti Misri. Aggrey Morris alifunga la tatu siku Taifa Stars ilipoilaza Uganda 3-0, tarehe 24 Machi 2019, na kurudi fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Watu hutoa hoja hapo: si unaona, beki anaweza kufunga!

Anaweza, kwa ziara. Beki anayepanda kwenye kona ni mgeni siku mbili. Anafika na kasi, hakuna aliyemzoea, kisha anarudi kwake. Ukimhamishia mbele moja kwa moja imefika siku ya tatu, naye anapewa jembe: apokee mpira mgongo ukilielekea goli, aushikilie mpaka wenzake wafike, aanze kukaba kutoka mbele, akimbie mara ishirini bila kupewa pasi na mara ya ishirini na moja awe bado na pumzi. Hayo Bacca hajayafanya kazi, na beki wa wapinzani atamgundua baada ya robo saa. Mimi ningemsubirisha hadi dakika ya 85, timu iko nyuma bao moja, na kabla hajavuka nusu ya uwanja nihakikishe kiungo mkabaji ameshashuka kuchukua nafasi yake.