MAWE YA AINA MBILI, HATARI MBILI

Mawe hayana tabia moja. Anayejua namna jiwe lilivyozaliwa anajua pia namna linavyoanguka.

Jiwe la moto lilikuwa uji wa moto, likapoa. Uji wa Nyiragongo ulioingia Goma mwaka 2002 ulipoa upesi ukawa jiwe jeusi. Graniti, inayopatikana upande wa Butembo, ilipoa polepole chini sana ya ardhi. Kwa hiyo chembe zake ni kubwa na zimeshikana kwa nguvu. Lakini ina nyufa: baada ya baruti, kipande kizito kinaweza kubaki kikining'inia.

Jiwe la tabaka hutokana na mchanga na udongo ulioletwa na maji, kama ule wa bonde la Semliki, mashariki ya Beni. Tabaka hulala juu ya tabaka mpaka zigandamane. Katikati yake hakuna nguvu: mvua ikipenya, bamba zima huanguka.

Kabla ya kazi, simama mahali salama, ugonge dari kwa fimbo ndefu ya chuma. Jiwe zima hulia kama kengele. Lililoachana hulia kama mtungi mtupu. Usipite chini yake. Mwite kapita, liangushwe.

Tena, graniti na jiwe la mchanga yote yana kwatzi. Vumbi lake huleta silikozi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Toboa jiwe kwa maji, usitoboe kavu. Nanyi akina mama, msikung'ute nguo za kazi nyumbani. Ziloweke kwanza, mbali na watoto.