Umeme Upoteao Njiani

Mtu ashikapo chaja ya simu iliyokuwa kazini kwa robo saa, huiona ina joto kidogo. Joto hilo limenunuliwa. Ni umeme uliotoka ukutani, lakini haukufika katika simu; umegeuka na kutawanyika hewani. Maana kazi ya chaja ni kuupokea umeme wa nyumba, ambao katika Afrika ya Mashariki huwa na nguvu ya volti 230 au 240, na kuushusha hata uwe volti 5, au 9 kwa simu nyingine. Wala hapana chombo kiwezacho kuugeuza umeme pasipo kupoteza sehemu yake. Ni kama kumimina maji kutoka mtungi hata mtungi: kila yamiminwapo, kidogo humwagika. Akimimina mara moja, hasara ni ndogo. Akimimina mara tatu, ardhi hulowa.

Kwanza yafaa kujua kipimo. Kitu kilacho wati 1 kwa muda wa saa 1 kimekula wati-saa 1; na wati-saa 1,000 ndizo uniti 1 ihesabiwayo na mita. Betri ya simu janja iliyoandikwa 4,000 huchukua wati-saa 15 hivi. Betri ya simu ndogo ya vitufe huchukua 4 tu, na kwa sababu hiyo, na kwa kuwa haina kioo kikubwa cha kuangaza, hukaa siku nyingi.

Chaja njema ya waya hupitisha sehemu 80 hata 90 katika kila sehemu 100. Basi kuijaza simu ya wati-saa 15 kwataka wati-saa 19 hivi kutoka ukutani. Simu hiyo ikijazwa kila siku, mwaka mzima hula uniti 7. Si nyingi. Pasi ya umeme ya wati 1,000, ikitumika saa moja tu, hula uniti nzima, ambayo ingalijaza simu 50. Tena chaja mpya iliyoachwa ukutani pasipo simu hula kidogo mno. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya tangu mwaka 2020 haikubali chaja ndogo ile zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wati ikiwa haina kazi. Kwa mwaka haifiki uniti 1. Wanaogombana nyumbani kwa ajili ya chaja iliyosahauliwa wangeiangalia kwanza pasi.

Iko pia njia ya kuilaza simu juu ya kibamba, pasipo kuichomeka waya. Kanuni yake ni ya zamani: Michael Faraday aliionyesha huko London mwaka 1831, alipoona ya kuwa umeme ukibadilika katika waya uliozungushwa, huamsha umeme katika waya mwingine ulio karibu, ingawa haugusani nao. Ni jambo la ajabu, lakini lina gharama. Sehemu nyingi hupotea katika ile nafasi iliyo kati ya nyaya mbili, na simu ikilazwa upande, hupotea zaidi. Mara nyingi hufika sehemu 60 au 70 tu katika 100. Na simu yenyewe hupata joto, ambalo huichakaza betri. Tena kibamba hicho nacho kina waya wake uendao ukutani, hata mtu hujiuliza ameponea nini.

Lakini mahali ambapo hasara hii huuma hasa ni kijijini kusikofika nyaya za umeme. Huko mwenye duka huweka bamba la sola juu ya bati na betri kubwa ya asidi chini ya meza, na watu humletea simu zao. Mama aliyetembea tangu alfajiri huja na simu iliyozima, nayo ndiyo yenye fedha alizotumiwa na mwanawe aliye mjini. Simu isipowaka, fedha hazitoki.

Tuseme betri ya duka ni ya volti 12, nayo imeandikwa 100. Ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ikikamuliwa kupita nusu kila siku hufa upesi. Basi za kutumia ni 600. Siku ya mawingu mazito, hizo ndizo zote alizo nazo. Wengi hufunga inveta, chombo kipandishacho volti 12 kuwa 230, kisha hutia humo chaja za kawaida, ambazo huushusha tena umeme ule ule kuwa volti 5. Umepandishwa mlima ili uteremshwe! Inveta ikipitisha sehemu 85 katika 100, na chaja ikapitisha 80 za hizo, zinazofika ni 68. Tena inveta nyingine hula wati 10 kwa kuwashwa tu, na kwa saa 8 hizo ni wati-saa 80. Zilizobaki, 520, huingiza simuni 353, yaani simu 23 za wati-saa 15.

Kumbe kiko kifaa kidogo, mfano wa kile kichomekwacho garini, kishushacho volti 12 kuwa 5 moja kwa moja. Kikipitisha sehemu 85, betri ile ile hujaza simu 34. Watu 11 zaidi hurudi kwao na simu iliyo hai, wala hakuna bamba la sola lililoongezwa.

Pawabenki nayo ni mtungi wa katikati. Iliyoandikwa 10,000 haijazi mara mbili simu iliyoandikwa 5,000, kama wengi watumainivyo. Huijaza mara moja na nusu hivi. Sababu ni kwamba hesabu ile ni ya betri iliyo ndani, yenye volti 3.7, na umeme wake hauna budi kupandishwa kuwa volti 5 kabla ya kutoka, kisha kushushwa tena ndani ya simu.

Mwenye bamba dogo la sola aweza kuitia simu umeme pasipo betri yo yote katikati. Lakini bamba likae juani na simu kivulini, kwa waya mrefu. Wengi huviweka pamoja, na joto likaidhuru betri.

Jenereta ndiyo yenye hasara kuliko zote. Lita moja ya petroli ina nguvu ya wati-saa 9,000 hivi. Jenereta ikichoma lita hiyo kwa saa mbili ili kujaza simu moja ya wati-saa 15, iliyofika ni sehemu moja katika 600; nyingine zote zimekwenda katika moshi, joto na kelele. Simu 20 zikichomekwa pamoja, petroli huongezeka kidogo tu. Kwa hiyo mwenye jenereta, ajapo mteja wa kwanza, huiweka simu yake mezani na kungoja, na kamba haivuti mpaka meza imejaa.