Wageni Watatu wa Fundi wa Reli



Mwaka jana chama kilinituma Nairobi kwenye mkutano wa viongozi wa matawi. Nilitoka Tanga kwa basi, nikavuka mpaka Horohoro, nikalala Mombasa, na asubuhi nikapanda treni ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Mambo ya mkutano nilikwisha kuyaandika katika toleo lililopita. Leo nataka kuwaeleza jambo nililoliona baada ya mkutano, kwa maana sijaacha kulifikiria.

Ndugu mmoja wa Kenya aliniambia, “Kabla hujarudi kwenu, twende nikupeleke kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa karakana ya reli. Ana treni ndani ya nyumba.” Nilidhani ananitania. Tulipofika nikakuta ni kweli. Katika chumba ambacho watoto wake walikuwa wakilala zamani, mzee ametandika mbao ukutani pande zote, na juu ya mbao ana reli ndogo, stesheni, daraja, na vichwa vya treni zaidi ya ishirini. Kila kimoja kinatosha mkononi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba kijana. Karibu. Usiguse kwa mikono ya mafuta, umetoka kula mandazi.”

Mzee huyu alianza kazi mwaka 1967, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alibaki upande wa Kenya mpaka akastaafu. Treni hizi ndogo alianza kuzikusanya baada ya kustaafu. Jamaa zake walioko Uingereza humnunulia zilizokwisha tumika, na mtu akija likizo anamletea moja au mbili. Nyingi zimepunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 76, yaani kitu cha mita 76 kinakuwa cha mita 1.

Nilipofika nilikuta ana furaha, kwa sababu amepata wapya watatu kwa mwezi mmoja. Yeye hawaiti treni. Anawaita wageni. Kila mgeni anaandikwa katika daftari lenye safu nne: jina la mgeni, siku aliyofika, kiwanda kilichomzaa, na safu ya nne imeandikwa hivi: “Mafundi wake wako wapi?”

Niliuliza maana ya safu hiyo. Mzee akasema, “Kaa nikueleze. Mama, mletee mgeni chai.”

Mgeni wa kwanza ni injini ya kijani yenye jina la Hornby, katika boksi lililochakaa. Chini yake imeandikwa kuwa ilitengenezwa Uingereza. Jina hilo ni la Frank Hornby, mtu wa Liverpool, ambaye treni zake za kuchezea zilianza kuuzwa mwaka 1920. Kiwanda chake kilikuwa barabara ya Binns Road. Katika miaka ya 1960 kampuni iliuzwa, na kazi ya treni ikahamishiwa mji wa Margate. Binns Road wakabaki na vichezeo vingine. Mwezi Novemba 1979 wafanyakazi wa Binns Road walitangaziwa kwamba kiwanda kinafungwa, wala hawakupewa muda wa kujiandaa. Hawakukubali kutoka. Walikikalia kiwanda kupinga kufungwa kwake, lakini mwishowe kilifungwa.

Na wale wa Margate? Katika miaka ya 1990 kazi yao nayo ilihamishwa hatua kwa hatua, ikapelekwa jimbo la Guangdong, China, ambako gharama ilikuwa ndogo. Jina likabaki kwenye boksi. Mikono ikabadilika.

“Huyu mgeni,” mzee alisema, “aliunganishwa na watu wa Margate, wengi wao akina mama waliokaa kwenye meza ndefu. Mimi ni fundi, najua kazi ya mtu. Tazama magurudumu haya. Aliyeyafunga hakuwa na haraka.”

Mgeni wa pili ni mpya kabisa. Boksi lina jina la Bachmann na chini ya injini imeandikwa China. Ni nzuri kupita ile ya kwanza. Ina ngazi nyembamba kama uzi na namba zinazosomeka kwa kioo cha kukuzia tu. Bachmann ni jina la zamani la Marekani, lilianzia Philadelphia mwaka 1833. Mwaka 1987 lilinunuliwa na kampuni ya Kader ya Hong Kong.

Hapo mzee aliweka kikombe chini.

“Kader,” alisema. “Wewe ni mtu wa chama. Unalijua jina hilo?”

Ndugu zangu, nilikuwa nalijua, ila sikuwahi kulihusisha na treni. Tarehe 10 Mei 1993 kiwanda kilichoitwa Kader, katika jimbo la Nakhon Pathom nchini Thailand, kiliungua. Kampuni ya Kader ya Hong Kong ilikuwa miongoni mwa wenye hisa. Hapo hawakutengeneza treni. Walitengeneza wanasesere wa vitambaa na wa plastiki, vya kupelekwa kwa watoto wa nchi tajiri. Moto ulianza saa kumi jioni katika ghorofa ya chini ya jengo la ghorofa nne. Kengele ya hatari ya jengo hilo haikulia. Vitambaa na pamba vilikuwa vimerundikwa kila mahali. Milango mingine ilikuwa imefungwa. Watu waliruka kutoka madirishani. Nguzo za chuma hazikuwa zimekingwa dhidi ya moto, nalo jengo likaanguka upesi. Walikufa watu 188, karibu wote wanawake, wengi wao wasichana. Mamia walijeruhiwa. Leo huko Thailand tarehe 10 Mei ndiyo siku ya usalama kazini.

Nikamwuliza mzee, “Kama ni hivyo, kwa nini bado unanunua?”

Hakukasirika. Alisema, “Kijana, hata nisiponunua, wale hawarudi. Na aliyeiunganisha hii ni mfanyakazi wa leo, naye anakula kwa kazi hii. Mimi sitaki kumnyima kazi. Ninachotaka ni kwamba mtu akija kuitazama hii injini asiseme tu ‘nzuri’, bali ajue pia kwamba ina wenyewe.”

Akanionyesha daftari. Kwa mgeni wa pili, safu ya nne ameandika “188”, na chini yake, “Walio hai sijui majina yao.”

Mgeni wa tatu hakutoka dukani. Mzee amemtengeneza mwenyewe kwa muda wa miaka miwili, kwa bati la makopo, waya wa shaba na risasi ya kulehemu. Ni Garratt ya daraja la 59. Wazee wetu wa reli wanaikumbuka. Zilikuwa 34, zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo duniani katika reli ya upana wa mita 1. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ya mzee inaitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Injini yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, na kesho yake nilikwenda kuiona. Magurudumu yake yanamfikia mtu kifuani.

Lakini ile ndogo haiwezi kukimbia pamoja na wenzake. Reli za dukani zina upana wa milimita 16 na nusu. Mita 1 ya reli yetu ya zamani, ukiigawa kwa 76, unapata milimita 13. Kwa hiyo mzee amemtengenezea Gelai njia yake, akachonga mataruma moja moja kwa kisu. Njia hiyo sasa ina urefu wa hatua mbili.

Safu ya nne ya Gelai imejaa. Kiwanda cha Manchester kilifungwa mwaka 1966. Hilo ameliandika kwa mstari mmoja. Kisha yanafuata majina ya watu waliozitengeneza Garratt pamoja naye katika karakana: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wagoa, Waganda, na watu wa Tabora na Tanga. Mbele ya wengi ameweka alama ya msalaba au ya mwezi. Mbele ya mmoja ameandika, “Vidole viwili, 1971.” Sikuuliza.

Niliporudi nyumbani, siku ya tatu, nilitembelea kiwanda kimoja katika sehemu ninayoihudumia. Ni kiwanda cha nyuzi, na nyote mnajua jinsi nyuzi zinavyoshika moto. Nilikwisha kuingia humo mara nyingi. Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dharura. Ulikuwa na kufuli. Nikaambiwa ni kwa sababu ya wizi, na funguo anazo msimamizi. Msimamizi alikuwa amekwenda mjini.

Nilimweleza meneja habari za Nakhon Pathom. Alisema huko ni mbali. Tulibishana siku mbili, wajumbe wa tawi wakiwa pamoja nami, na siku ya tatu kufuli liliondolewa, likawekwa komeo linalofunguka kwa ndani. Nakiri mbele yenu: nilipita mbele ya mlango ule kwa miaka, nikijadili mishahara na likizo, wala sikuwahi kuusukuma.

Basi naomba kila tawi lianzishe daftari kama la mzee yule. Andikeni mnachotengeneza, kinakokwenda, na majina ya wanaokitengeneza, pamoja na walioumia na mwaka walioumia. Boksi la chai au bunda la kamba likifika ng’ambo litakuwa na jina la kampuni. La kwenu halitakuwepo msipoliandika ninyi.

Na kabla hamjaanza kuandika, kesho mkiingia zamu, mmoja wenu aende akausukume mlango wa dharura. Usipofunguka, nileteeni habari.