Kwa Nini Methadoni Hunywewa Mbele ya Mhudumu: Sababu za Kanuni za Usalama Kliniki

Kila asubuhi, baadhi ya wakazi wa Kibera na Kawangware hupanda matatu hadi katikati ya jiji, kisha huunganisha nyingine kwenda Ngara au Mathari. Wakifika, hunywa kikombe kidogo cha dawa mbele ya mhudumu, halafu hurejea nyumbani au kazini. Dawa hiyo ni methadoni, inayotumika kutibu uraibu wa heroini. Huduma hii ilianza nchini katika Hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na baadaye ikafikishwa Ngara na kaunti nyingine, hasa za Pwani.

Familia nyingi huuliza swali moja: kwa nini mgonjwa asipewe dawa ya wiki nzima akae nayo nyumbani, kama anavyopewa mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu? Nauli ya kila siku ni mzigo, na kwa mtu wa kibarua, saa za kwenda na kurudi zinaweza kumkosesha kazi ya siku.

Jibu ni kwamba kipimo kinachomtuliza mgonjwa mmoja kinaweza kumuua mtu mwingine.

Dawa inavyofanya kazi

Methadoni hukaa mwilini kwa saa 24 au zaidi. Humwondolea mgonjwa arosto, yaani maumivu, jasho na kutapika kunakompata anapokosa heroini, bila kumlevya kipimo kikiwa sahihi. Kipimo cha siku ya kwanza kwa kawaida hakizidi miligramu 30. Huongezwa polepole, na wagonjwa wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120.

Mwili wa mgonjwa huyo umeizoea dawa. Mtoto, au mtu mzima ambaye hajawahi kutumia heroini, akinywa kiasi hicho, pumzi yake hupungua taratibu hadi inaweza kukoma. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo watoto wanalala, kupika na kucheza palepale, chupa moja iliyosahaulika mezani inatosha kuleta msiba.

Kuanzia stoo hadi dirishani

Methadoni ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Kwa sababu hiyo, huhifadhiwa mahali penye kufuli ambapo ni wahudumu walioidhinishwa pekee wanaoingia. Kila kiasi kinachotolewa huandikwa, na kilichobaki hulinganishwa na rekodi. Tofauti ikionekana, ni lazima ielezwe.

Dirishani, mhudumu huhakikisha kwanza kwamba aliyesimama mbele yake ndiye mwenye jina na kipimo kilichoandikwa. Mgonjwa hunywa dawa papo hapo, kisha anaweza kuombwa anywe maji au azungumze kidogo. Wengine huona hilo kama kutoaminiwa. Lengo lake ni kuhakikisha dawa imemezwa, isitoke nje mdomoni na kuuzwa mtaani. Kuuza methadoni mtaani ni kosa la jinai.

Anayefika amelewa pombe, au ametumia bugizi, anaweza kuambiwa asubiri, apunguziwe dozi au anyimwe siku hiyo. Hii si adhabu. Pombe na dawa za usingizi hupunguza pumzi, na zikichanganyika na methadoni hatari huongezeka maradufu.

Kanuni inayolalamikiwa zaidi ni ya siku zilizokosekana. Mgonjwa aliyekosa siku 3 mfululizo au zaidi hupimwa upya kabla ya kupewa dawa, na huenda akaanza tena kwa kipimo cha chini. Katika siku hizo mwili huanza kuisahau dawa, na kipimo cha zamani kinaweza kumzidi nguvu. Anayejua atasafiri au atalazwa hospitalini aiarifu kliniki mapema.

Mgonjwa pia aeleze dawa nyingine anazotumia. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hupunguza nguvu ya methadoni. Mgonjwa anaweza kurudiwa na arosto akadhani dawa imeharibika, kumbe kipimo kinahitaji kurekebishwa na daktari.

Siri ya mgonjwa

Usalama ni pamoja na siri. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Mwajiri, mwenye nyumba au jirani hana haki ya kuambiwa na kliniki nani anatibiwa pale. Mgonjwa anayehofia kutangazwa mtaani huacha matibabu na kurudia sindano.

Dozi ikiruhusiwa nyumbani

Pale daktari anapomruhusu mgonjwa kubeba dozi, dawa ikae katika chupa yake iliyoandikwa jina, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Isimiminwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji.

Dalili za kuzidiwa ni usingizi mzito usioamshika, mkoromo usio wa kawaida, pumzi za polepole, na midomo au kucha kubadilika rangi. Mtu huyo asiachwe "alale iishe". Apigiwe simu ya dharura 999 au 112, alazwe kwa ubavu, na asinyweshwe maziwa wala maji, kwani anaweza kupaliwa. Akiacha kupumua, anayejua kumpulizia pumzi aanze mara moja. Hospitalini ipo dawa ya naloksoni inayoondoa nguvu ya methadoni, lakini huisha mapema kuliko methadoni yenyewe. Hivyo mgonjwa aliyezinduka bado anahitaji kuangaliwa kwa saa nyingi.

Pa kuanzia

Mkazi anayetaka matibabu, au mzazi mwenye kijana anayetumia heroini, anaweza kuanza kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake, au katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu, kama vile Kibera South au Riruta. Huko ataelekezwa namna ya kusajiliwa. Katika kliniki za umma methadoni hutolewa bila malipo. Anayedai pesa ili kuiuza, au kumwingiza mtu kwenye orodha, aripotiwe.

Ushauri kuhusu uraibu hupatikana pia kwa simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.