Pupa, Papara na Kukurupuka

Kiswahili hakimlaumu mtu kwa wepesi wake. Neno haraka, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwendo au msogeo, halina kosa ndani yake, kwani mkunga huitwa haraka na moto huzimwa haraka, wala hakuna anayewaona waliofanya hivyo kuwa wamekosa busara. Lawama huingia na neno papara, yaani hali ya kutenda kabla fikra haijakomaa, na ndiyo maana jibu lililotolewa baada ya siku nzima laweza bado kuitwa la papara ikiwa mwenye kulitoa hakulipima. Kulifafanua neno hili kwa haraka peke yake ni kulipunja.

Pupa hukaribiana na papara hata wengi wakayachukua maneno haya kuwa visawe, yaani maneno yenye maana moja, lakini pupa ina tamaa ambayo papara si lazima iwe nayo. Mtu hula kwa pupa, na anayelipia kiwanja bila kukagua hati, kwa kuhofia kutanguliwa na mwingine, ana pupa pia. Methali isemayo "Mwenye pupa hadiriki kula tamu" inategemea maana hiyohiyo, kwa kuwa kudiriki ni kuwahi au kufanikiwa kupata, na mwenye pupa hulichuma tunda lingali bichi.

Kali zaidi ni kukurupuka, kitenzi kinachotumika kwa mnyama anayechomoka kichakani au mtu anayeshtuka usingizini, nacho kina umbo la kusababisha, kurupusha, kama anguka lilivyo na angusha. Siku hizi magazeti ya Tanzania huandika juu ya "uamuzi wa kukurupuka", na shutuma hiyo ni nzito kwa sababu haidai tu kwamba kiongozi ametenda ghafla, bali pia kwamba alikuwa amelala wakati wa kujiandaa.

Lipo pia neno harara, ambalo kwa Kiarabu ni joto na kwa Kiswahili hutaja vilevile upele uletwao na joto pamoja na wepesi wa kughadhibika. Hivyo asemaye kwamba hakimu alihukumu kwa harara na asemaye kwamba alihukumu kwa papara wanamshtaki kwa makosa mawili tofauti.