Mto Neckar na Burudani za Wanafunzi wa Tübingen

Tübingen, mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani ulio kandokando ya mto Neckar, una wakazi wapatao 90,000, na idadi ya wanafunzi wa chuo kikuu chake, kilichoanzishwa mwaka 1477, haipungui robo ya hesabu hiyo. Kwa kuwa chuo hakina eneo moja lililozungushiwa uzio, bali majengo yake yametawanyika mjini, mapumziko ya wanafunzi nayo hufanyika hadharani, hususan juu ya ukuta mrefu wa ukingo wa mto, ambako mtu hukaa jioni nzima na chupa yake bila kudaiwa kiingilio. Hapo jirani pana mnara wa manjano alimoishi mshairi Hölderlin, aliyewahi kusoma mjini humo, akitunzwa na familia ya seremala tangu mwaka 1807 hadi alipofariki mwaka 1843.

Chombo cha starehe kinachoutambulisha mji ni mashua ndefu yenye kitako bapa, isiyo na injini, ambayo mwendeshaji wake husimama tezi na kuisukuma kwa upondo, yaani mti mrefu unaochomekwa hadi chini ya mto. Mashua hizo ndizo zinazoshindana kila mwaka, kwa desturi katika sikukuu ya Ekaristi, kukizunguka kisiwa chembamba kilicho katikati ya mto, katika mashindano yaliyoanza mwaka 1956. Nguzo za daraja huacha upenyo mdogo mno, hivyo mashua hukwama, hugongana na kumwaga watu majini, na msongamano huo, pengine kuliko ushindi wenyewe, ndio unaowavuta watazamaji. Washindi hupewa bia, ilhali kila mmoja wa timu ya mwisho hulazimika kunywa nusu lita ya mafuta ya ini la samaki mbele ya umati. Adhabu hiyo bila shaka ina mashabiki wengi kuliko tuzo.

Hata hivyo, furaha hiyo haiwafikii wote kwa kipimo kimoja. Mashua nyingi ni mali ya vyama vya udugu, yaani jumuiya za kale za wanafunzi ambazo uanachama wake ni wa maisha, baadhi zikipokea wanaume pekee, na ambazo nyumba zao kubwa za mlimani hugharimiwa na wanachama waliokwisha kuhitimu. Mwanafunzi asiye na chama hukodi mashua au hubaki ukutani. Na anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, ambaye tangu mwaka 2017 hutozwa na jimbo euro 1,500 kwa muhula, huenda akauchagua ukuta. 

Mikusanyiko ya mtoni huacha kelele na taka. Tangu mwaka 2022 halmashauri huwatoza wauzaji senti 50 kwa kila kikombe au chombo cha chakula kinachotupwa baada ya matumizi, na senti 20 kwa kijiko au uma. Mwendeshaji wa mkahawa mmoja wa vyakula vya haraka aliipinga kodi hiyo hadi Mahakama ya Katiba, ambayo Januari 2025 ilitangaza uamuzi wake kwamba ni halali.